Chumba cha mabati kina joto? Jinsi ya kukipoza bila kumaliza Yaka

Ukipanga chumba kimoja Kisenyi, Nsambya, Katwe au Makindye, unaujua mchana wa Januari na Februari. Mabati yanapiga kelele kwa joto, mtoto hapati usingizi, na maji ya jerikeni yamekuwa vuguvugu. Unawasha feni. Jioni unaangalia mita na kukuta yuniti ulizonunua juzi zinakaribia kwisha, na pesa iliyobaki ni ya unga.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupunguza joto ndani ya nyumba kwa mazoea madogo ya kila siku. Mengi hayahitaji pesa. Machache yanahitaji pesa kidogo au makubaliano na mwenye nyumba. Utajua pia feni inatumia umeme kiasi gani, ili uweze kupanga matumizi yako na kuzungumza na mwenye nyumba ukiwa na hesabu mkononi.

Joto la ndani linatoka wapi?

Kampala iko karibu na mstari wa ikweta, lakini iko juu: takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu mchana wa kawaida hufika nyuzijoto 26 hadi 29, na usiku hushuka hadi 17 au 18. Maana yake ni kwamba hewa ya nje, hasa kivulini, mara nyingi si kali. Kinachokutesa ni joto linalotengenezwa na kufungiwa ndani ya chumba chako.

Kama umetoka Bukavu au Goma, miji iliyo juu zaidi ya Kampala, joto hili linaweza kukushangaza. Kama umetoka Mogadishu, umezoea joto, lakini pia ulizoea upepo wa bahari ambao hapa haupo.

Joto la chumba lina vyanzo vitano:

• Paa la mabati. Jua likilipiga, bati huwa la moto sana na kumwaga joto hilo chini, juu ya vichwa vyenu. Chumba kisicho na dari huumia zaidi.
• Jua linaloingia dirishani au mlangoni.
• Jiko, hasa sigiri inayowashwa ndani au mlangoni.
• Vifaa vya umeme: balbu za zamani, pasi, friji, televisheni.
• Watu wenyewe. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takriban wati 100. Watu watano waliotulia katika chumba kilichofungwa ni kama kuacha kifaa cha takriban wati 500 kikiwaka.

Kumbuka jambo moja kuu: mchana zuia jua lisiingie, usiku ruhusu hewa ya baridi iingie. Feni inakuja baada ya hapo.

Feni, balbu na kiyoyozi hutumia umeme kiasi gani?

Yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Angalia nyuma au chini ya kifaa chako. Pameandikwa namba na herufi W. Hiyo ndiyo idadi ya wati. Zidisha wati kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Utapata yuniti.

Hii ni mifano ya mwezi wa siku 30:

• Feni ya mezani ya wati 50, saa 8 kwa siku: yuniti 12.
• Feni hiyo hiyo, saa 4 kwa siku: yuniti 6.
• Balbu ya zamani ya wati 60, saa 5 kwa siku: yuniti 9.
• Balbu ya LED ya wati 9, saa 5 kwa siku: yuniti 1 na kidogo.
• Kiyoyozi kidogo cha wati 900 kikifanya kazi saa 8 mfululizo kila siku: yuniti 216.

Utaona mambo mawili. Kwanza, feni si ghali kama kiyoyozi, lakini saa zake zinahesabika. Pili, balbu ya zamani inakula karibu sawa na feni, na sehemu kubwa ya umeme wake inageuka kuwa joto badala ya mwanga. Ukibadilisha balbu hiyo moja kwa ya LED, unapunguza joto la chumba na unapata yuniti za kuendeshea feni kwa zaidi ya saa 5 kila siku.

Fahamu bei ya yuniti zako

Tangu Aprili 2025, umeme wa Kampala unasambazwa na UEDCL, iliyochukua nafasi ya kampuni ya Umeme. Bei hupangwa na mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA, na hupitiwa upya kila robo ya mwaka. Kwa hiyo sikiliza matangazo mapya ya bei.

Kwa mita ya nyumbani, yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zina bei nafuu: shilingi 250 kila moja kabla ya kodi. Baada ya hapo bei inapanda sana. Katika miaka ya karibuni yuniti ya kawaida ya nyumbani imekuwa zaidi ya shilingi 700 kabla ya kodi. Hii ndiyo sababu pesa ile ile inakupa yuniti nyingi mwanzoni mwa mwezi na chache baadaye. Haina maana kwamba umeibiwa.

Tatizo liko kwenye mita ya pamoja. Yuniti 15 za bei nafuu hutolewa kwa mita, si kwa familia. Kama vyumba 8 vinatumia mita moja, kila chumba kinapata chini ya yuniti 2 za bei hiyo kwa mwezi. Zinazobaki zina bei ya juu kuliko hiyo. Hapo ndipo ugomvi huanza: mwenye nyumba anasema feni yako inamaliza umeme, jirani anasema friji yako ndiyo shida.

Usibishane bila hesabu. Mwambie kwa utulivu: "Feni yangu ni wati 50. Nikiiwasha saa 6 kila usiku, ni yuniti 9 kwa mwezi." Kwa bei ya shilingi 700, hizo ni shilingi 6,300 kabla ya kodi. Kama unatozwa shilingi 20,000 zaidi kwa sababu ya feni peke yake, una msingi wa kuomba hesabu irekebishwe. Kama hesabu inaonyesha kwamba unatumia zaidi ya unacholipa, nawe utajua pa kupunguza. Pia unaweza kupendekeza mita ndogo ya chumba chako, ili kila mtu alipe alichotumia. Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi ya daftari, na kila mmoja abaki na nakala.

Mchana: zuia jua kabla halijaingia

Karibu na ikweta, jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi mwaka mzima bila kuhama sana. Hii inakusaidia. Ukuta na dirisha la mashariki hupigwa asubuhi. La magharibi hupigwa kuanzia saa 8 mchana hadi jua linapozama, na joto lake ndilo unalolala nalo. Anza na upande huo.

• Funika dirisha kwa nje, si kwa ndani tu. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia, hata kama kuna pazia. Mkeka wa mafunjo au kitambaa cheupe kilichotundikwa nje hulizuia kabla halijafika. Utoe jioni ili hewa ipite na usiibwe.
• Kama huwezi kufunika nje, tumia pazia la rangi nyepesi. Rangi nyeusi hunywa joto.
• Dirisha au mlango uliopigwa na jua uwe umefunikwa. Ulio kivulini uwe wazi kidogo.
• Usizibe matundu ya hewa yaliyo juu ya mlango na dirisha. Hewa ya moto hupanda, na hapo ndipo inapotokea. Kama unaogopa mbu au panya, weka wavu badala ya gazeti au tambara.
• Hamisha kitanda au mkeka wa mtoto mbali na ukuta wa magharibi. Gusa ukuta huo saa 12 jioni na utaelewa kwa nini.
• Piga pasi nguo zote kwa mara moja, asubuhi na mapema. Pasi ya wati 1,000 hutoa joto kali kwenye chumba kidogo, na kuiwasha kila siku kwa shati moja kunapoteza umeme.

Jioni na usiku: ingiza hewa ya baridi

Baada ya jua kuzama, hewa ya nje hupoa haraka kuliko ukuta. Simama mlangoni. Ukihisi nje kuna baridi kuliko ndani, fungua. Fungua pande mbili kama zipo, hata kama moja ni tundu dogo, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Nusu saa ya hivyo inaweza kukupa ulichokuwa unakitafuta kwenye feni kwa saa kadhaa. Baada ya mvua fanya hivyo hivyo, kwa sababu mvua hupoza bati papo hapo.

Tunajua kwamba katika mitaa mingi kulala dirisha likiwa wazi si salama. Fungua mapema, mkiwa bado macho, kisha funga mnapolala na acha matundu ya juu tu. Usiache simu, pochi au hati zako karibu na dirisha. Wavu wa chuma kwenye dirisha huruhusu hewa na kuzuia mkono wa mwizi.

Usiku ndio wakati wa mbu wa malaria. Weka wavu wa mbu kwenye dirisha na lalieni chandarua chenye dawa, hata kama kuna joto. Usivue chandarua ili kupata hewa. Elekeza feni kwenye chandarua badala yake.

Tumia feni kwa mtu, si kwa chumba

Feni haipozi hewa ya chumba. Inachofanya ni kukausha jasho kwenye ngozi, na hilo ndilo linalokufanya uhisi baridi. Kwa hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu inateketeza pesa bure, tena mota yake inaongeza joto kidogo.

• Zima feni ukitoka, hata kwa dakika kumi.
• Iweke karibu na watu na uiwashe kwa kasi ndogo, badala ya kuiweka mbali kwa kasi kubwa.
• Jioni, iweke karibu na mlango au dirisha ili ivute hewa ya nje. Kama chumba kimejaa joto, igeuze itazame nje kwa dakika kumi na tano isukume hewa ya moto, huku tundu jingine likiwa wazi.
• Lowesha uso, shingo, mikono na miguu kwa maji kabla ya kukaa mbele ya feni. Kikombe kimoja cha maji kinatosha.
• Futa vumbi kwenye mapanga yake kila wiki. Ichomoe kwenye umeme kwanza.
• Usiku wa Kampala hupoa. Mara nyingi feni haihitajiki baada ya saa 7 au 8 usiku. Kama ina kipima muda, kitumie.

Kwa wenye duka, saluni au ofisi yenye kiyoyozi: kipange kwenye nyuzijoto 25 au 26, funga milango na madirisha kinapowaka, na safisha kichujio chake. Kupanga 18 hakukifanyi kipoze haraka zaidi. Kinaendelea tu kula umeme kwa muda mrefu.

Jiko litoke nje

Sigiri ikiwaka saa mbili kwa ajili ya maharage, chumba kitabaki cha moto hadi usiku. Pika nje au kwenye kibaraza kila inapowezekana. Pika chakula kinachochukua muda mrefu asubuhi, kabla bati halijashika moto.

Loweka maharage usiku kucha ili yaive haraka. Unaweza pia kuyachemsha kwa nguvu kwa dakika 20 au zaidi, kisha ukafunika sufuria na kuiweka kwenye kikapu kilichojazwa nguo nzito au majani makavu ya migomba. Yataendelea kuiva kwa joto lake. Yachemshe tena kabla ya kula. Unaokoa mkaa na chumba hakipati moto.

Onyo: usilale na sigiri ndani, hata kama mkaa unaonekana umekufa na hata kama ni usiku wa mvua na baridi. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini.

Maji ya baridi bila friji

Friji hupoza ndani yake kwa kutoa joto nyuma yake, yaani ndani ya chumba chako. Kama unayo, iache umbali wa kiganja kutoka ukutani, usiiweke juani, usiweke chakula cha moto ndani na usiifungue ovyo.

Kama unataka maji ya kunywa tu, mtungi wa udongo unatosha. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo, hukauka kwa nje, na kuondoka na joto. Weka mtungi kivulini mahali panapopita hewa, jaza maji yaliyochemshwa na kupoa, funika, na tumia kata safi badala ya kuchovya kikombe. Usiupake mtungi rangi, maana rangi huziba udongo na maji hayatapoa.

Paa: zungumza na mwenye nyumba

Joto kubwa linatoka juu, kwa hiyo kazi yenye faida kubwa iko juu. Hii si ya kufanya bila ruhusa. Kwa kuwa vyumba vingi vya kupanga viko katika mstari mmoja chini ya paa moja, nendeni pamoja wapangaji wote. Mnaweza kupendekeza:

• Kupaka paa rangi nyeupe inayofaa mabati. Rangi hiyo hurudisha sehemu kubwa ya jua. Chokaa ni rahisi, lakini mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huiosha.
• Kuweka dari ya mbao nyembamba au mikeka, ikiacha nafasi kati yake na bati. Isiguse nyaya za umeme, wala isiwe juu ya jiko.
• Kupanda mpapai, migomba au pasheni upande wa magharibi. Pasheni hupanda kwenye kamba haraka, hufunika ukuta na huzaa matunda ya kuliwa na wote, wenyeji na wakimbizi.

Kama hamuelewani lugha, tafuteni jirani mnayemwamini atafsiri. Kukiwa na mgogoro, mwenyekiti wa LC1 wa eneo lenu ndiye mtu wa kwanza wa kumwona. Huduma yake ni kwa wakazi wote, wakimbizi pia.

Usihatarishe maisha kwa ajili ya ubaridi

• Usichomeke feni, pasi na friji kwenye soketi moja ya kuunganisha. Waya ukishika moto, nyumba nzima ya mstari inaungua.
• Usitumie feni yenye waya uliochunwa, wala usiiguse kwa mikono yenye maji.
• Usikubali kuunganishiwa umeme bila mita. Watu hufa kwa nyaya hizo. Pia ni kosa la jinai, na adhabu zake ziliongezwa katika marekebisho ya Sheria ya Umeme ya 2022. Ukiingia chumba kipya, muulize mwenye nyumba umeme unatoka kwenye mita gani.

Nani aangaliwe zaidi?

Watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wenye ugonjwa wa moyo, figo, kisukari au shinikizo la damu huumia kwa joto kabla ya wengine. Wape maji mara kwa mara bila kusubiri waseme wana kiu. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hahitaji maji. Mchana wa joto kali wakae nje chini ya mti au kwenye kibaraza chenye kivuli, kwa sababu kivuli cha nje mara nyingi ni baridi kuliko chumba.

Mtu akichanganyikiwa, akizimia, akiwa na ngozi ya moto sana au akitapika bila kukoma, mpeleke kivulini, mloweshe kwa maji, mpepee, na mpelekeni kituo cha afya mara moja. Nchini Uganda wakimbizi hutibiwa katika vituo vya serikali kama raia. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi ukikipata kwa haraka, lakini usichelewe kwa kukitafuta.

Ratiba fupi ya kubandika ukutani

Asubuhi: fungua pande zote, pika chakula kizito, piga pasi.
Kabla ya saa 4: funika madirisha ya mashariki, zima balbu.
Saa 7 mchana: funika upande wa magharibi, wape watoto na wazee maji, kaeni kivulini.
Jua likizama: toa mikeka, fungua kote, sukuma hewa ya moto nje.
Kulala: chandarua, matundu ya juu wazi, feni kwa kasi ndogo, sigiri nje.

Si lazima ufanye yote leo. Anza na mambo mawili: badilisha balbu moja, na kesho funika dirisha la magharibi kabla ya saa 7 mchana. Andika namba iliyo kwenye mita yako leo, kisha iangalie tena baada ya wiki moja. Utaona mwenyewe kilichobaki, na jirani yako akiuliza, mwonyeshe.